Vidonge vya usingizi visiuzwe wala kuachwa kiholela

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hofu iliyoenea hapa Moshi kwamba vidonge vya usingizi vinaleta saratani. Hofu hiyo ilimfanya dada yangu, mjane wa miaka 67, amwage chooni diazepamu, dawa ya usingizi aliyokuwa akimeza kila usiku kwa miaka sita. Siku ya tatu alianza kutetemeka mikono na kutokwa jasho, nasi tukadhani ni malaria. Daktari ndiye aliyetueleza kwamba mwili uliokwisha kuizoea dawa hiyo haukatiwi ghafla, kwani mtu anaweza hata kupata degedege.

Habari ya saratani ina chanzo chake. Mwaka 2012 mtafiti Daniel Kripke na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa zaidi ya 10,500 wa Pennsylvania, Marekani, walioandikiwa vidonge vya usingizi, wakilinganishwa na wengine zaidi ya 23,600 ambao hawakuandikiwa. Walioandikiwa vidonge zaidi ya 132 kwa mwaka walionekana kupata saratani kwa kiwango kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 35. Lakini utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, bila kuthibitisha kwamba moja limezaa jingine. Mtu mwenye maumivu, msongo wa mawazo au ugonjwa ambao bado haujagunduliwa ndiye hasa anayekosa usingizi, na ndiye anayeandikiwa dawa. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walipoichambua diazepamu mwaka 1996 waliona ushahidi hautoshi kuihukumu, ingawa oxazepamu, ambayo mwili huitengeneza kutokana na diazepamu hiyo hiyo, waliiweka kati ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani.

Sisemi haya ili kuvitetea vidonge. Madhara yasiyo na ubishi yanatosha: diazepamu hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, na mzee anayeamka usiku kwenda msalani huku miguu ikiwa mizito huanguka akavunjika nyonga.

Kinachoniuma ni kwamba kwa miaka yote sita, katika duka la dawa alilokuwa akinunua, hakuna aliyemdai cheti cha daktari wala kumwuliza kwa nini halali. Angeulizwa, angesema kwamba usingizi ulimtoroka tangu alipomzika mumewe, na pengine angeitaja chupa ya kahawa anayoimaliza kila jioni. Tangu mwaka 2016 madaktari wa magonjwa ya ndani wa Marekani wanashauri kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu iwe ushauri nasaha na kurekebisha mazoea ya kulala, kabla ya kidonge chochote. Maneno hayo dada yangu aliyasikia kwa mara ya kwanza wiki ile alipougua.

Naiomba Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Baraza la Famasi wayakague maduka ya dawa ya mjini na ya vijijini juu ya uuzaji wa vidonge hivi bila cheti. Madaktari wa hospitali za KCMC na Mawenzi nawaomba wawaeleze wananchi, hata kupitia gazeti hili, namna ya kupunguza dawa hatua kwa hatua. Dada yangu sasa amefikia nusu kidonge, na ameambiwa arudi kliniki mwezi ujao.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi.