Kabla Hujampeleka Bweni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani, sisi hatujambo. Tangu niisome barua yako sijatulia, kwa sababu unaniomba nikutafutie shule ya bweni itakayomnyoosha kijana wako, nami siamini kwamba kijana huyo amepinda.

Umeeleza kwa kirefu anavyopigana darasani na anavyowajibu walimu, kisha kwa mstari mmoja tu ukagusia kwamba wewe na mama yake hamuelewani tangu mwaka jana. Kwangu mstari huo ndio barua yenyewe. Mtoto anayelala huku akisikiliza kama sauti zitapanda huamka akiwa bado katika hali ya kujihami, na mwenzake akimgusa bega tu, yeye huona ameshambuliwa. Dada yake, unayemsifu kwa utulivu, ananitia hofu zaidi, maana mtoto aliye mwema kupita umri wake huenda anajaribu kuuzuia ugomvi wenu kwa tabia yake.

Wala msitegemee kwamba wamelala. Mwaka 2013 Alice Graham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon walipima ubongo wa watoto wa miezi 6 hadi 12 wakiwa usingizini, wakakuta kwamba wale wa nyumba zenye ugomvi mwingi waliitikia sauti ya hasira kwa nguvu zaidi katika sehemu zinazohusika na hisia.

Sisemi msitofautiane kamwe. Wanasaikolojia Grych na Fincham walieleza mwaka 1990 kwamba mengi hutegemea jinsi mtoto mwenyewe anavyouelewa ugomvi: kama anahisi unaweza kumdhuru, na kama anajiona ndiye chanzo. Sasa ninyi hugombana kuhusu alama zake na ada yake, naye anasikia! Ukimhamishia bweni katikati ya haya, ataamini kwamba tatizo lilikuwa yeye, na ndiyo maana ameondolewa. Mwambieni, nyote wawili, kwamba si kosa lake, na akiwa ameshuhudia mzozo, aone pia mlivyoumaliza, au angalau aelezwe.

Je, amewahi kuwaona mkipatana? Mnaponuniana, ni nani hutumwa kupeleka ujumbe kati yenu? Mama yake anasemaje kuhusu bweni? Dada yako mkubwa, ambaye nyote mnamsikiliza, ameshirikishwa? Naomba unijibu kabla hujalipa ada.

Wako daima.