Bibi si mwanga, anaumwa

Mhariri,

Mama mkwe wangu huzifunga karafuu kwenye kanga, akazificha uvunguni, kisha akatuita wezi. Majirani wanasema kapagawa. Mbuzi keshaliwa na mganga, hali ileile!

Haya ni maradhi ya Alzheimer, yanayompotezea mtu kumbukumbu; daktari Alois Alzheimer aliyaeleza huko Ujerumani tangu 1906. Ndani ya seli za ubongo mna protini iitwayo tau, inayoshikilia njia za kusafirishia mizigo ya seli. Vimeng'enya vya kupitishia ishara, kama GSK-3, vikizidi kuibandika kemikali ya fosfeti, tau huachia njia zile, ikajisokota mafundo, na seli ikadhoofika. Pepo gani hapo?

Redio zetu zitutangazie haya baada ya magharibi, watu wakiwa majumbani. Na vijana wa mtaani wakome kumzomea bibi wa watu.

Mkaazi wa Wete, Pemba