Sampuli iliyoharibika isilipiwe na mgonjwa

Mhariri,

Kila wanaporipoti madaktari watarajali katika hospitali zetu za rufaa, hapa Tanga husikika nung'uniko lilelile: "wanajifunzia kwetu." Lawama inawakuta wasiostahili. Mtarajali ameshasoma miaka 5, yumo katika mwaka mmoja wa mazoezi, na usiku ndiye anayekesha wodini. Kinachoumiza ni kwamba makosa ya kujifunza hayana fungu la kuyalipia, basi yanaangukia risiti ya mgonjwa.

Chukua damu tu. Mkono mgeni huchagua sindano nyembamba, huvuta kwa pupa, kisha huisukuma damu kwa nguvu kwenye kichupa. Chembe nyekundu zinapasuka, potasiamu iliyomo inamwagika, na mashine inasoma kiwango cha juu ambacho mgonjwa hana. Sampuli inakataliwa, anachomwa tena. Kichupa cha kifuniko cha zambarau, chenye dawa ya kuzuia damu kuganda, kisipogeuzwa taratibu mara 8 hadi 10 papo hapo, damu inaganda na picha ya damu, yaani hesabu ya chembe zake, haisomeki. Cha buluu kinataka sehemu 9 za damu kwa 1 ya dawa iliyomo. Kikijazwa nusu, majibu ni ya kupotosha. Wakati huo ndugu wa mgonjwa, katoka Pangani, analala mjini siku nyingine.

Kuna pia vipimo vya kuogopa raundi, ziara ya bingwa wodini: mtarajali anaandika vitano ilhali viwili vinatosha, asije akaulizwa asubuhi na bingwa akakosa jibu. Hivyo dawa yake ni bingwa kupokea simu usiku.

Marekani, mfuko wa bima wa Medicare umekuwa ukiziongezea malipo hospitali zinazofundisha tangu miaka ya 1980. Kwa sasa, uwiano wa madaktari wanafunzi kwa vitanda ukiongezeka kwa madaktari 10 kwa kila vitanda 100, nyongeza ni karibu asilimia 5.5. Hesabu yao ina wakosoaji wake, ila angalau mafunzo yametajwa kwa jina na kuwekewa fedha.

Kwetu pa kuanzia ni padogo. Maabara huandika daftarini kila sampuli iliyokataliwa, pamoja na sababu. Penye "imeganda", "imepasuka" au "haijatosha", namba ya sampuli hiyo ipelekwe dirisha la malipo kabla mgonjwa hajafika, na kipimo cha marudio kisitozwe.

Mtaalamu wa maabara,
Ngamiani, Tanga