Kwako unayesema huna nafasi ya kutulia

Rafiki yangu wa siku nyingi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimeirudia mara kadhaa ile sehemu unayosema unatamani uache kila kitu uende mahali pasipo na mtu, angalau moyo upoe. Nakuelewa kabisa. Lakini kazi unaihitaji, watoto wanakuhitaji, na utulivu wa kungoja mpaka mambo yote yaishe utaungoja sana. Ndiyo maana nataka nikusimulie habari za mpishi mmoja.

Kisa chake kimo katika Zhuangzi, kitabu cha Watao, wafuasi wa falsafa ya kale ya China, cha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mpishi huyo, Ding, anapasua ng'ombe mbele ya mtawala Wenhui, na kisu kinakwenda kwa mdundo utadhani anacheza ngoma. Mtawala anastaajabu. Ding anamweleza kwamba wapishi wa kawaida hubadilisha kisu kila mwezi kwa sababu wanakatakata kwa nguvu, na walio hodari kila mwaka. Chake kina miaka 19, kimeshapasua ng'ombe maelfu, na bado kina makali kama kimetoka kunolewa sasa hivi. Yeye hapigani na mfupa. Hutafuta uwazi uliopo kati ya viungo, akapitisha kisu humo.

Wengi huishia hapo. Mimi kinachonigusa zaidi ni kinachofuata. Ding anasema kila akifika penye mifupa na mishipa iliyosongamana, huuona ugumu wake, akajihadhari, macho yakatua hapo hapo, mkono ukapunguza mwendo, kisu kikasogea kidogo sana. Mara nyama inaachia. Mtu huyu hajaikimbia kazi. Yumo ndani yake mzima mzima. Watao huita hali hiyo wu wei, kutenda bila kulazimisha, na wanaoidhani ni uvivu wanaikosea haki.

Kwangu mimi, zoezi la kuzingatia pumzi linafundisha jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Mizizi yake ni Ubuddha, na mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn alilipeleka hospitalini, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa programu iliyowasaidia wagonjwa kuishi na maumivu sugu.

Sasa nikwambie linavyokuwa. Ujumbe mkali unaingia kwenye simu. Kidole gumba kimeshaanza kujibu. Meno yameumana, mabega yamepanda karibu na masikio, pumzi inaishia kifuani. Hapo ndipo kwenye mifupa iliyosongamana. Naiweka simu kifudifudi, naifuata pumzi inavyoingia na kutoka, bila kuivuta kwa nguvu. Hasira haiondoki, ila sasa naiona: iko chini ya koo, ina joto, inapanda, inashuka. Mara nyingi lile jibu la kwanza huwa halihitajiki tena. Likihitajika, naliandika kwa maneno machache.

Nakusihi jambo moja, maana nakujua ulivyo na bidii: usiufanye utulivu kuwa kazi nyingine ya kufaulu. Mawazo yatazurura. Ukigundua yamezurura, rudi kwenye pumzi bila kujigombeza, basi. Daodejing, kitabu kingine cha Watao, katika sura ya 15, inazungumzia maji ya tope yanayotakata yenyewe yakiachwa yatulie. Huwezi kuyaharakisha kwa mkono.

Na huo usingizi, kama umekukimbia muda wote huo unaousema, tafadhali muone daktari pia. Pumzi si mbadala wa tiba.

Niandikie ni saa ngapi siku yako inakaza zaidi. Nahisi ni jioni, watoto na simu za kazini vinapokutana kwa pamoja, lakini nataka niisikie kwako. Tuanzie hapo, saa hiyo moja tu, na nyingine tuziache kwanza.

Wasalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Rafikiyo