Dada uliyetufunga goti kwa khanga yako, asante

Jumamosi jioni mdogo wangu aliteleza uwanjani, goti likajipinda na kulia "ko!" Vijana wakataka kumvuta mguu ili "urudi". Wewe, mpita njia tu, ukawazuia. Ukaukaza mguu kwa maboksi na khanga yako, vilevile ulivyokaa. Ukagusa vidole kuona kama vina joto na vinahisi. Ukaomba barafu kwa muuza juisi, ukaizungushia kitambaa kwanza, kisha ukapanda nasi bajaji hadi hospitali.

Eksirei ilionyesha ufa sehemu ya juu ya muundi, na daktari akasema kano moja ya goti imechanika. Alisema pia kuvuta kungezidisha madhara. Jamani, tusivute mguu ulioumia!

Dada, uliondoka hata jina hatujauliza. Khanga nimeifua, ipo kwangu.