Barua ya malalamiko: utepe wa joto mlioufunga kwenye ekzosi ya gari langu

Uyole,
Mbeya.

Meneja,
Kampuni ya Vipuri na Huduma za Magari,
Mwanjelwa, Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UTEPE WA JOTO NA BOMBA LA EKZOSI LILILOPASUKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu mwenye Subaru Forester ya turbo (ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi), rangi ya kijivu. Mvua zilipoanza kuchanganya nililileta gari gereji kwenu nikiwa na ombi moja: mnitengenezee bomba linalopandisha moshi kutoka kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayokusanya moshi wa silinda, kwenda kwenye turbo, maana la zamani lilikuwa limechoka, na kabla ya kulifunga lipakwe seramiki, ule mpako mgumu wa kuzuia joto. Mlichonifanyia ni kitu kingine kabisa. Mlichomelea bomba la chuma cha kawaida, mkalizungushia utepe wa nyuzi za kioo toka kwenye manifoldi hadi chini ya turbo, na mabati ya kiwandani ya kukinga joto mkayang'oa. Nilipouliza seramiki iko wapi, fundi wenu akaniambia, "Mama, utepe na seramiki ni kitu kilekile, tena hii ndiyo wanafunga kwenye magari ya mashindano." Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ninayo, imeandikwa "kupaka ekzosi". Hakuna kilichopakwa.

Juzi nilikuwa natoka Kyela na wanangu. Tulipovuka Kiwira na kuanza kupandisha kuelekea Isongole, gari likaishiwa nguvu na injini ikaanza kutoa sauti ya kufyonza, fsss, kila nikikanyaga mafuta. Baadaye kidogo ikaja harufu ya oili inayoungua, na moshi ukatoka kwenye tundu la hewa la boneti. Nikaegesha pembeni, nikawashusha watoto, nikafungua boneti. Utepe wenu ulikuwa unawaka moto upande wa kulia wa injini. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa ndani ya gari na ulifanya kazi, ndiyo maana leo nawaandikia barua kuhusu bomba na si kuhusu gari zima.

Gari lilivutwa mpaka Uyole kwa fundi mwingine, na nilisimama pale wakati anaufungua huo utepe. Ulikuwa mweusi, mzito kwa oili, na kila alipoukata ulimwaga nyuzi ndogo zilizomwasha mikono mpaka akaomba glavu. Chini yake bomba lilikuwa linabanduka magamba kama kitunguu, tabaka la kutu chini ya tabaka la kutu. Kwenye maungio mliyochomelea karibu na turbo kulikuwa na ufa unaopitisha ukucha. Moshi ulikuwa unatokea hapo badala ya kwenda kuzungusha turbo, ndiyo sababu gari lilikosa nguvu mlimani.

Niliwapigia simu siku hiyo hiyo. Wewe mwenyewe, Ndugu Meneja, ulinijibu kwamba utepe "unapunguza joto la ekzosi", kwa hiyo hauwezi kupasua bomba. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu si kweli, na kama ndivyo mnavyowaeleza wateja wote basi tatizo ni kubwa kuliko gari langu.

Utepe unapunguza joto la chini ya boneti. Joto la bomba lenyewe unaliongeza. Bomba lililo wazi hupoa kwa kutoa joto kwenye hewa inayolizunguka. Ukilifunika, joto linabaki ndani ya chuma na ndani ya moshi. Kwa turbo hilo lina faida yake, kwa kuwa moshi wenye joto zaidi hufika kwenye turbo ukiwa na nguvu zaidi ya kuizungusha, na intakula ya Forester, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, iliyokaa juu ya injini haipikwi sana na joto la chini yake. Sibishi faida hiyo. Hata mimi nilitaka joto lipungue pale ndani, kwa sababu kwenye foleni ya Kabwe jua la mchana mipira ya hewa ilikuwa inakakamaa. Lakini chuma ndicho kinacholipia. Injini ya petroli yenye turbo ikibeba mzigo, moshi kabla ya turbo unaweza kupita nyuzi joto 850, na chuma cha kawaida huanza kuliwa na magamba kwa kasi kikikaa juu ya takriban nyuzi joto 550. Bomba lenu lilikuwa chuma cha kawaida, tena limefungwa kabla ya turbo, sehemu yenye moto kuliko zote. Hata utepe wenyewe wa nyuzi za kioo, ule wa bei ya chini, haukutengenezwa kukaa kwenye joto la namna hiyo muda mrefu.

Halafu kuna mahali tunapoishi. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Turbo inalazimika kufanya kazi zaidi ili kuipa injini hewa ileile. Ukitoka Kyela, ambako ni kama mita 500 tu, unapandisha karibu njia nzima, na mguu hautoki kwenye mafuta. Ongeza mvua za Rungwe. Utepe unanyonya maji ya barabarani, gari likilala nje unashinda na unyevu usiku kucha dhidi ya chuma, asubuhi linawashwa kwenda sokoni na kurudi kabla halijapata moto wa kukausha chochote. Gari la mashindano halina maisha hayo. Lile hufunguliwa na kukaguliwa kila baada ya shindano, na bomba likichoka wanatupa wanaweka jingine. Mimi nabeba watoto na mizigo.

Hata hivyo, ufa na kutu ningeweza kuvijadili na ninyi kwa utulivu. Kinachoniumiza ni oili. Kwenye injini hizi, ambazo silinda zake zimelala ubavu, manifoldi hupita chini ya vichwa vya silinda, kwa hiyo kava ya tapeti, kifuniko cha kichwa cha silinda, ikivuja, tone linadondokea moja kwa moja kwenye ekzosi. Kwenye bomba lililo wazi tone hilo linaungua, unasikia harufu, unakwenda kubadilisha gasketi. Kwenye utepe linanyonywa, na jingine, na jingine, mpaka unakuwa utambi. Na hamwezi kusema hamkujua: karatasi yenu ya ukaguzi, kwa mwandiko wa fundi wenu, inasema "kava ya tapeti kulia inavuja oili". Mliandika hivyo, kisha mkafunga kitambaa juu ya mahali oili inapodondokea, mkanikabidhi ufunguo na kunitakia safari njema.

Seramiki niliyoiomba isingefanya hivyo. Bomba hupigwa mchanga hadi chuma kiwe safi, hupuliziwa tabaka jembamba ndani na nje, kisha huokwa kwenye tanuri. Halina pa kunyonyea maji wala oili, na likipasuka unaona. Ni ghali zaidi, ni kweli, na kwa kuzuia joto lisitoke utepe mnene unaweza kuishinda. Lakini kwa gari la kila siku, juu ya barabara hizi, ndiyo chaguo sahihi, na juu yake unarudisha mabati ya kiwandani. Mabati yale mliyoyaona hayana kazi yameachiwa nafasi ya hewa kati yao na bomba kwa makusudi: yanakinga joto bila kukumbatia chuma. Kama tanuri hamna, mngesema tu, ningetafuta pengine au ningesubiri. Na rangi ya makopo ya kustahimili joto iliyoko rafuni kwenu msije mkaniambia ndiyo seramiki, maana hilo nalo nimelisikia kwa kijana wenu wa kaunta.

Ninachodai ni hiki. Mnifungie bomba jipya la chuma cha pua, lililopakwa seramiki ndani na nje kabla ya kufungwa, na nionyeshwe kabla halijaingia kwenye gari. Mnirudishie mabati yangu ya kukinga joto. Kama mmeshayauza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kama fundi wenu alivyodokeza, mnitafutie mengine ya gari la aina hiyo. Gasketi ya kava ya tapeti nitainunua mwenyewe, hiyo si deni lenu. Waya na mipira iliyoungua ni deni lenu, pamoja na gharama ya kulivuta gari na fedha yote niliyolipia "kupaka ekzosi".

Na kuna wateja wengine. Fundi wenu aliniambia kwa fahari kwamba mmeshafunga utepe huo kwenye magari mengi ya turbo hapa mjini. Wapigieni simu. Waambieni walete magari mkague uvujaji wa oili, bila malipo, na mahali penye oili utepe utolewe siku hiyo hiyo. Hili naliomba kwa uzito uleule wa fedha zangu, kwa sababu si kila mtu ana mtungi wa kuzimia moto unaofanya kazi.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipoyapata, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani nikiambatisha risiti, karatasi yenu ya ukaguzi na picha. Bomba lililopasuka na kipande cha utepe kilichoungua vimehifadhiwa kwa fundi wa Uyole; mtu wenu anakaribishwa kuviangalia siku yoyote ya kazi, ila haviondoki pale mpaka tumalizane.

Wako,

Mteja, mwenye Forester ya kijivu
Uyole, Mbeya