Shangazi, Borobudur haikimbiliwi kileleni

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Umesema ukifika Yogyakarta, kule Indonesia, utatenga asubuhi moja ya Borobudur, upande juu, upige picha, urudi. Nakusihi usifanye hivyo. Hekalu lile la karne ya 8 na ya 9 limechongwa ili lisomwe, na anayekimbilia kileleni hulikosa karibu lote.

Kwanza tiketi. Ziko za kuishia uwanjani na za kupanda. Ya kupanda ina saa yake na kiongozi wake, na idadi ya wapandaji kwa siku ina kikomo, basi inunue mtandaoni mapema. Utavalishwa ndara za kusukwa ziitwazo upanat, maana soli ngumu zimevila vipandio vya mawe kwa miaka mingi. Chagua saa ya asubuhi kabisa. Jiwe lile la volkano hushika joto, na juu hakuna kivuli. Magoti yako nayafikiria pia: vipandio ni virefu, usikubali kuharakishwa.

Anzia ngazi za mashariki. Ukiingia ujia wa kwanza, ile njia nyembamba kati ya kuta, geuka kushoto, ukuta mkuu uwe mkono wako wa kulia hadi umalize mzunguko. Ndivyo Wabudha wanavyozunguka mahali patakatifu, na wachongaji walipanga hadithi zifuate mwendo huo. Ukizunguka kinyume, utamkuta Budha akihubiri kabla hajazaliwa.

Kusoma njia zote nne kunataka mizunguko 10: minne katika ujia wa kwanza, miwili katika kila mmoja wa hizo nyingine. Muda wa tiketi hautoshi. Kwa hiyo mwombe kiongozi, kabla hamjaanza kupanda, akupe nafasi katika ujia wa kwanza. Safu ya juu ya ukuta mkuu ina michoro 120 ya maisha ya Budha, hadi hotuba yake ya kwanza karibu na Varanasi, India. Huko chini yake tafuta jahazi lenye matanga na mirengu, zile boriti za pembeni zizuiazo chombo kisipinduke. Wewe uliyekulia pwani utaikumbuka ngalawa mara moja, na si bure: wataalamu wengi wanaona mirengu ya ngalawa zetu ilitokana na mabaharia wa visiwa vile.

Ukipotea upande, tazama mikono ya sanamu za kuta za chini. Mashariki mkono wa kulia unagusa ardhi. Kusini kiganja kimefunguka kutoa. Magharibi mikono yote imetulia mapajani. Kaskazini kiganja kimeinuliwa, kana kwamba kinasema usiogope.

Kisha michoro inakoma ghafla. Unatokea kwenye duara tatu zenye stupa (minara ya Kibudha yenye umbo la kengele) 72 za matundu, 32, 24 na 16, kila moja na sanamu ndani. Wapo watakaokuambia ingiza mkono uguse sanamu upate bahati. Usiguse, shangazi, mawe yale yamechakaa kwa mikono kama hiyo.

Ukishuka, pitia pembe ya kusini-mashariki ya msingi. Michoro 160 ilifunikwa kwa mawe tangu zamani, ila hapo michache imeachwa wazi, na baadhi ina maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kijava cha kale kuwaelekeza wachongaji.

Na kama bado una nguvu, nenda hekalu la Mendut, kilomita kama 3 mashariki. Ndani kuna Budha wa jiwe wa mita 3 hivi, ameketi miguu ikiwa chini kama mtu kitini. Hapo huna haja ya kiongozi. Kaa tu.